Magitaa Mawili, Sarufi Moja: Kusindikiza, Kujibizana na Kupishana katika Muziki wa Gitaa Kavu

1.0 Utangulizi

Mwaka 2014, katika kijiji cha Kitaya kilichoko kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, mwandishi wa makala haya alimrekodi mpigaji mmoja wa gitaa kavu. Kwa kawaida mpigaji huyo hupiga pamoja na ndugu yake, lakini siku hiyo ndugu alikuwa amevuka mto kwenda upande wa Palma. Mpigaji alikubali kurekodiwa peke yake. Alipiga kidogo akanyamaza, akapiga tena, akanyamaza tena. Hatimaye alieleza kwamba pale anaponyamaza si pake. Mtafiti aliondoka na rekodi yenye jina la wimbo, mahali na tarehe, akidhani kwamba ameuhifadhi wimbo. Alichokuwa nacho ni nusu, tena nusu isiyoeleweka bila ya mwenziwe.

Kosa hilo halikuwa la vifaa bali la nadharia. Mtafiti alichukulia kwamba katika magitaa mawili liko moja linalobeba wimbo na jingine linaloupamba, na kwamba akilipata la kwanza amepata kiini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo inafaa kwa baadhi tu ya mapokeo ya muziki. Aidha, yanajaribu kujibu swali pana zaidi: wapigaji wawili wa gitaa kavu wanapochanganya mapokeo mbalimbali, yaani jazi, flamenko, dansi, taarabu na ngoma za kwao, ni kitu gani hasa kinachochanganyika, na ni kitu gani kinachobaki kama kilivyokuwa?

Hoja yetu ni kwamba vinavyoazimwa kwa wepesi ni vile vinavyofanana na msamiati: mfuatano wa sauti, mikusanyo ya sauti zinazolia pamoja, na mapambo ya vidole. Uhusiano baina ya sehemu mbili, yaani nani huanza, nani hufuata na wapi pigo la pili huangukia, hufanana na sarufi. Huo haubadiliki kwa wepesi.

2.0 Ushahidi wa Majina

Inafaa kuanza na majina, kwa sababu yanaonyesha jinsi jumuiya ya lugha ilivyopokea kitu kigeni na kukiweka mahali pake.

Neno gitaa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, lakini safari yake ni ndefu zaidi. Wanaisimu wengi hulifuatilia kupitia Kihispania (guitarra) na Kiarabu hadi Kigiriki cha kale (kithara). Udi nalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya asili ya mti au ubao, na gambusi linahusiana na qanbus ya Yemen. Kabla ya gitaa kuenea, neno kinanda lilitumika kwa ala za nyuzi, na ndivyo linavyoelezwa katika kamusi za karne ya 19. Baadaye lilihamia kwenye piano na ogani, likaiachia nafasi gitaa. Ng'ambo ya Ruvuma, katika Kireno cha Msumbiji, ala hiyohiyo huitwa viola. Hivyo basi mpigaji anayevuka mto na ala yake begani huvuka pia mpaka wa majina.

Sifa kavu katika gitaa kavu inastahili kutazamwa. Gitaa lisilotumia umeme ndilo lililotangulia kihistoria, lakini limepewa sifa bainishi baada ya lile la umeme kuwa ndilo la kawaida akilini mwa wasemaji. Jambo hili hutokea mara nyingi katika lugha: kitu cha zamani hupata jina jipya pale kipya kinapolitwaa lile la zamani.

Neno jazz ndilo linalotatanisha zaidi. Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na Nuta Jazz hazikuwa bendi za jazi kwa maana ya Kimarekani. Zilikuwa bendi za dansi, na neno hilo katika majina yao lilikuwa na maana ya bendi yenye ala za kisasa. Neno liliazimwa, dhana ikaachwa. Kwa hiyo mtafiti akisikia kwamba muziki fulani wa kwetu una jazi ndani yake, hana budi kuuliza kwanza kama inakusudiwa jina au muundo.

Lebo ya muziki wa dunia nayo ina asili inayojulikana. Ilikubaliwa mwaka 1987 katika mikutano ya wenye kampuni ndogo za sahani za muziki jijini London, waliotaka jina moja la kuwekea rafu madukani. Ni lebo ya biashara, na haina nguvu yoyote ya kimaelezo. Kuseme kwamba magitaa mawili yanachanganya jazi, flamenko na muziki wa dunia ni sawa na kusema kwamba mtu anachanganya Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine. Neno mchanganyiko peke yake halijaeleza chochote.

3.0 Aina Tatu za Uhusiano

Kiswahili kina nyenzo ya kutosha ya kueleza uhusiano baina ya watendaji wawili. Nyenzo hiyo ni mnyambuliko wa vitenzi, hasa kauli ya kutendana. Tunapendekeza vitenzi vitatu.

3.1 Kusindikiza

Katika uhusiano huu mmoja hutangulia na mwingine humshika mkono. Kitenzi chenyewe hakihitaji kauli ya kutendana, kwa sababu uhusiano si wa pande mbili sawa: msindikizwaji ana wimbo, msindikizaji ana msingi. Quintette du Hot Club de France, kundi lililoanzishwa mwaka 1934, linatoa mfano bayana. Gitaa la Django Reinhardt lilibuni juu, na magitaa mengine yalishikilia mapigo na mikusanyo ya sauti chini yake. Ukimrekodi Reinhardt peke yake utapoteza mengi, lakini wimbo utaufuata.

3.2 Kujibizana

Hapa zamu hubadilishana. Mmoja husema, hunyamaza, na mwingine hujibu. Huu ni mpango wa mazungumzo kama ulivyochambuliwa na Sacks, Schegloff na Jefferson mwaka 1974: kwa kawaida msemaji ni mmoja kwa wakati mmoja, na mipaka ya zamu hutambulika. Katika gitaa la jazi mfano wa mapema ni rekodi za mwaka 1928 na 1929 za Lonnie Johnson na Eddie Lang, wa pili akitumia jina la bandia la Blind Willie Dunn kwa kuwa alikuwa Mzungu katika sahani zilizouzwa kwa Wamarekani weusi. Katika rekodi hizo kusindikiza na kujibizana hufuatana.

3.3 Kupishana

Uhusiano wa tatu ndio unaogusa Ruvuma moja kwa moja. Hapa wote wawili hupiga wakati mmoja, lakini pigo la mmoja huanguka katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Kielelezo sahili kinaweza kuonyeshwa hivi:

Mwanzishi: X – X – X – X – X – X –
Mpokezi: – X – X – X – X – X – X

Hakuna kati yao anayepiga kwa haraka. Jumla yao ndiyo yenye haraka. Kuna matokeo mengine pia. Kwa kuwa sikio hukusanya pamoja sauti zenye kimo kinachokaribiana, msikilizaji husikia viimbo ambavyo hakuna mkono hata mmoja uliovipiga kwa ukamilifu. Jambo hili lilielezwa na Gerhard Kubik mwaka 1962 kwa mifano ya muziki wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Katika amadinda ya Buganda wapigaji wawili wanaokaa wakitazamana, omunazi na omwawuzi, hupishana kwa namna hii, na kila mmoja huyahesabu mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo ya msingi.

Kusini mwa Ruvuma Kubik alikuta jambo lilelile miongoni mwa Wamakua wa kundi la Washirima, katika marimba iitwayo mangwilo, ambayo vipande vyake vya mbao hulazwa juu ya vigogo vya migomba. Wapigaji wawili hukaa pande mbili za ala moja. Sehemu ya kwanza huitwa opachera, na ya pili wakulela. Wamakonde nao wana marimba ya jamii hiyo, dimbila.

Kwa mwanaisimu majina haya mawili ni hazina. Yote yana umbo la kitenzi-jina, kwa kiambishi o- au w- cha Kimakua ambacho ni sawa na ku- au kw- katika Kiswahili. La kwanza linahusiana na kuanza. La pili linatokana na kitenzi chenye maana ya kujibu, kikiwa na mnyambuliko wa kutendea -el-. Kwa Kiswahili tungesema kujibia. Hata hivyo, jibu hili halingoji swali liishe. Linaingia ndani ya swali lenyewe. Ndiyo maana hatuwezi kutosheka na istilahi ya kujibizana, ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa kuwa ni ya zamu. Tunapendekeza mwanzishi na mpokezi kwa wapigaji, na kupishana kwa jinsi mapigo yao yanavyokaa.

Sasa tunaweza kueleza kilichotokea Kitaya. Mpigaji aliyerekodiwa alikuwa mpokezi. Vimya vyake havikuwa vya kusahau. Vilikuwa sehemu ya wimbo.

4.0 Gitaa Linapoingia katika Sarufi ya Wenyeji

Je, gitaa lilipofika lilileta sarufi yake? Tuangalie Katanga, ambako gitaa kavu lilikuzwa na wapigaji walioimba pia kwa Kiswahili cha huko. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake Masanga ulienea mbali. Wengi wanaousikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba wanasikia magitaa mawili, ilhali ni mtu mmoja anayetumia gumba na kidole cha shahada. David Rycroft, aliyeuchambua upigaji wa Mwenda katika makala mbili za mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi mistari inavyotembea kwa pamoja. Kwa istilahi zetu, mwanzishi na mpokezi wamehamia katika mkono mmoja: gumba huanza, shahada hupokea. Ala ilikuwa ya Ulaya na sauti zilipangwa kwa mikusanyo ya Ulaya, lakini mgawanyo wa kazi haukuwa wa kusindikiza.

Magharibi mwa Kenya jambo hilo lilichukua sura nyingine. Katika mtindo wa omutibo wa Waluhya, ambao George Mukabi (aliyefariki mwaka 1963) ni mmoja wa mabingwa wake, vidole vya gitaa kavu huandamana na mapigo ya chupa ya soda. Miongoni mwa Wajaluo, wapigaji wa benga walihamishia kwenye gitaa mbinu za nyatiti, zeze la nyuzi nane. Sehemu zote mbili zinaonyesha kwamba gitaa halikukuta nafasi tupu. Lilikuta mikono iliyokwisha kufundishwa.

Mfano wa lugha utatusaidia. Kiarabu kilitupa neno kitāb. Kiswahili kilichukua silabi yake ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, kikapata kitabu na vitabu. Katika Kiarabu silabi hiyo si kiambishi na wingi wake ni kutub. Vivyo hivyo Kiingereza kilitupa neno ambalo tulilipokea kama madigadi, tukaondoa ma- tuliyodhani ni ya wingi, tukapata digadi. Neno ni la kigeni, uchanganuzi ni wa kwetu. Gitaa katika mikono ya Mwenda ni kitabu cha namna hiyo.

Bendi za dansi zinatupa ushahidi wa kinyume chake, yaani wa majina yanayoficha muundo. Wanamuziki wetu waliazima istilahi solo na rithimu. Solo ni neno la Kitaliano lenye maana ya peke yake, na rithimu hudokeza kazi ya kusindikiza. Lakini asikilizaye kwa makini magitaa ya bendi ya dansi atagundua kwamba mara nyingi mpiga solo hayuko peke yake hata kidogo. Mistari yake ina mianya, na mianya hiyo hujazwa na gitaa la pili. Jina ni la kusindikiza, tendo ni la kupishana. Mwanafunzi anayeanza na jina ataandika kwamba gitaa la rithimu ni la ziada, na atakuwa amerudia kosa la Kitaya kwa njia nyingine.

5.0 Jazi na Flamenko Zinapokutana

Ili tusidhaniwe kuwa tunaipa Afrika sifa ya pekee, tutazame mkutano maarufu wa magitaa kavu nje ya bara letu. Tarehe 5 Desemba 1980, katika ukumbi wa Warfield mjini San Francisco, Paco de Lucía wa Hispania, John McLaughlin wa Uingereza na Al Di Meola wa Marekani walirekodi sahani iliyotolewa mwaka uliofuata kwa jina la Friday Night in San Francisco. Ingawa walikuwa watatu, vipande vitatu kati ya vitano vya sahani hiyo vilipigwa na wawili wawili, na kile cha kwanza, cha De Lucía na Di Meola, ndicho kinachojulikana zaidi.

Flamenko ina sarufi yake kali, iitwayo compás. Katika aina za soleá na bulerías mzunguko ni wa mapigo 12, na mkazo wa kawaida huanguka kwenye pigo la 12, la 3, la 6, la 8 na la 10. Wapiga makofi wa flamenko hugawana kazi: mmoja hushika mapigo makuu na mwingine hupiga katikati yake. Msomaji ataona kwamba makofi hayo ni ya kupishana, na yana undugu wa kimuundo na mangwilo, bila ya kulazimu undugu wa kihistoria.

Katika rekodi ya San Francisco, hata hivyo, magitaa mawili kwa sehemu kubwa hufuata mpango wa jazi: mmoja hubuni, mwingine humsindikiza, kisha hubadilishana, na zamu hufupishwa kadiri hamasa inavyopanda. Flamenko imeingia kwa mfuatano wake wa sauti, kwa kucha zinazokwangua nyuzi na kwa kasi ya vidole. Imetoa msamiati mwingi, na jazi imetoa sarufi ya mazungumzo. Hili si lawama kwa wapigaji hao. Ni maelezo ya jinsi wasanii wa mapokeo mawili walivyopata jukwaa la kuelewana.

Kwa wasikilizaji wa pwani yetu, msamiati huo hauna ugeni mkubwa. Mfuatano wa sauti unaoipa flamenko ladha yake unakaribiana sana na hijazi, ambayo wapenzi wa taarabu wanaifahamu. Ndiyo maana mpigaji wa Mtwara au Unguja anaweza kuinasa sauti ya Kihispania kwa siku chache. Mzunguko wa mapigo 12 wenye mikazo isiyolingana ndio utakaomchukua miaka, hasa kama mwenzake anauhesabu kwa namna nyingine.

6.0 Mipaka ya Ulinganisho

Hoja yetu isichukuliwe kuwa sheria isiyo na ubaguzi. Katika isimu yenyewe tunajua kwamba sarufi nayo huazimwa. Thomason na Kaufman (1988) walionyesha kwamba mguso ukiwa mkubwa na wa muda mrefu, hata viunganishi, sauti na miundo huhama. Kiswahili kimechukua lakini, hata na baada ya kutoka Kiarabu, na maneno hayo si vitu vya sokoni bali ni viungo vya sentensi. Kimechukua pia sauti za dh, th na gh katika matamshi ya wengi.

Katika gitaa lipo jambo linalolingana na hilo. Mzunguko wa mikusanyo mitatu mikuu ya sauti ya Ulaya, ulioingia kwa nyimbo za kanisani, bendi za jeshi na sahani, umekuwa kiunzi cha nyimbo nyingi za dansi na za gitaa kavu. Huo si pambo tena. Unaamua sentensi ya muziki inaanza wapi na inaishia wapi. Fundi Konde wa Kenya, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikwenda mbali zaidi akatumia mikusanyo ya kijazi katika nyimbo za Kiswahili. Kwa hiyo tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mgawanyo wa kazi kati ya mwanzishi na mpokezi hubadilika polepole kuliko sauti zenyewe, na kwamba ndio wa kwanza kuchunguzwa pale tunapodai kwamba mapokeo mawili yamechanganyika.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba neno mchanganyiko halitoshi kueleza muziki wa magitaa mawili, na kwamba vitenzi vya Kiswahili, yaani kusindikiza, kujibizana na kupishana, vinabainisha mambo ambayo istilahi za kuazima huyaficha. Kutokana na hayo yapo mapendekezo matatu kwa watafiti chipukizi. Kwanza, wapigaji wawili warekodiwe pamoja, kisha kila mmoja peke yake, na mwenzake akiwa mbele yake ili vimya visipotee. Pili, majina ya sehemu yaulizwe katika lugha ya wapigaji kabla ya mtafiti kutamka solo wala rithimu. Tatu, iandikwe ni nani kati yao huanza, kwa maana hilo halisikiki daima katika ukanda.

Umuhimu wa jambo hili si wa darasani tu. Mpaka wa Ruvuma ulikubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, na tangu hapo watu wenye lugha na ngoma moja wamekuwa raia wa pande mbili. Mnamo Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji kutoka upande wa Cabo Delgado. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na wakazi wakatawanyika. Katika hali kama hiyo muziki wa mtu mmoja huweza kukimbia pamoja na mwenyewe. Muziki wa kupishana hauwezi, kwa sababu haumo katika kichwa cha yeyote kati ya wawili hao. Uko baina yao. Tangu hapo mwandishi hajaweza kuwakutanisha tena ndugu wale wawili. Rekodi ya mwaka 2014 bado ipo, na kila inaposikilizwa darasani wanafunzi huulizwa swali moja tu: katika vimya hivi, mwanzishi alikuwa anapiga nini?